Kuvunja utando wa bakteria kinywani: mwongozo kamili wa kulinda meno na fizi

Pitisha ukucha kwenye shina la jino, pale linapokutana na fizi, hasa upande wa shavuni wa magego ya juu. Ukitoka na kitu laini, cheupe na chenye kunata, usidhani ni mabaki ya chakula. Ni bakteria waliojazana: miligramu moja ya utando huo ina zaidi ya milioni 100. Hao ndio wanaotoboa meno na kulegeza fizi, na kazi yao inategemea mambo mawili unayoweza kuyadhibiti mwenyewe: wameachwa hapo muda gani bila kuguswa, na kwa siku wanapewa sukari mara ngapi.

Mengine mengi yanayosemwa kuhusu meno, kuanzia rangi ya dawa ya meno hadi mkaa na limau, ni ya pembeni. Tutayagusa panapobidi.

Utando unavyojijenga

Katika vinywa vya binadamu zimetambuliwa aina zipatazo 700 za bakteria, na kila mtu ana mchanganyiko wake. Wengi hawadhuru. Baadhi hata wanasaidia, kwa kuwa wanakalia nafasi ambazo wakorofi wangezitaka. Kwa hiyo hatutafuti kinywa kisicho na bakteria. Mtu anayemeza antibaotiki ovyo anaweza kuwaondoa wakazi wa kawaida na kuishia na fangasi mweupe kwenye ulimi na mashavu.

Dakika chache baada ya kupiga mswaki, protini za mate hulivika jino ngozi nyembamba isiyoonekana. Ndani ya saa chache bakteria wa mwanzo, wengi wao jamii ya Streptococcus, wanaidandia ngozi hiyo. Wanaofuata hawalishiki jino lenyewe, wanawashika waliotangulia. Kufikia siku ya pili au ya tatu utando umenenepa, oksijeni haifiki chini, na sasa wanapata nafasi wale wasiopenda hewa: Fusobacterium nucleatum, na baada ya muda Porphyromonas gingivalis, anayejificha chini ya ufizi. Ukipita wiki moja au mbili bila kuvurugwa, kalsiamu na fosfeti za kwenye mate huugandisha. Huo ndio ugaga, ambao wengine huuita ukoga: ganda la manjano au kahawia ambalo mswaki haulitoi, hata ukisugua mpaka fizi zichubuke.

Utando mchanga ni rahisi kuutoa, lakini si kwa maji. Ni kama utelezi wa ndani ya ndoo: ukisuuza unabaki, ukisugua unatoka. Ndiyo sababu kusukutua peke yake, iwe kwa maji, kwa chumvi au kwa dawa ya bei kubwa yenye ladha ya mnanaa, hakuchukui nafasi ya mswaki.

Magonjwa mawili, njia mbili

Kuoza kwa jino ni kazi ya asidi. Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke jijini London mwaka 1924, pamoja na jamii ya Lactobacillus na wengine, hula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Ndani ya dakika chache baada ya kumeza chai yenye sukari, pH ndani ya utando (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, asidi inazidi) hushuka chini ya 5.5, na hapo enameli, ganda gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini. Mate huchukua kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kuirudisha hali ya kawaida, kisha yanaanza kurudisha madini yaliyopotea. Jino halitoboki kwa mkupuo mmoja wa asidi. Linatoboka pale ambapo, mwezi baada ya mwezi, muda wa kupoteza unazidi muda wa kurudishiwa.

S. mutans ana ujuzi mwingine: sukari ya kawaida ya mezani huigeuza kuwa gundi inayoushikiza utando kwenye jino. Hapo sukari inakuwa mbaya kuliko wanga wa ugali au wali, ambao kwanza lazima uvunjwe na mate.

Ugonjwa wa fizi hauhitaji sukari. Bakteria waliotulia kwenye ukingo wa fizi huchokoza kinga ya mwili. Damu hujaa eneo hilo, fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu kwa kuguswa tu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima walioacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi kati ya siku ya 10 na ya 21. Walipoanza kusafisha tena, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Hatua hii, basi, inarudi nyuma. Isiyorudi ni ile inayofuata kwa baadhi ya watu baada ya miaka ya uvimbe: mfupa unaolishikilia jino unayeyuka, mifuko inafunguka chini ya ufizi, meno yanaachana na kulegea. Hiyo unaweza kuisimamisha tu.

Hatua ya 1: uone utando kabla ya kuutoa

Watu wengi wanaosema "mimi nasafisha vizuri" hawajawahi kuona wanachokiacha. Fanya kipimo hiki jioni moja, usivae shati jeupe.

Changanya matone 3 au 4 ya rangi nyekundu ya chakula kwenye kijiko kikubwa cha maji. Ukikosa, saga kipande cha bitiruti mbichi ukamue. Paka mafuta ya mgando kwenye midomo ili isishike rangi. Piga mswaki kama kawaida yako, bila kuongeza bidii. Kisha sukutua ile rangi kwa sekunde 30, tema, suuza na maji mara moja. Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, vuta shavu kwa kidole. Palipobaki rangi nzito ndipo utando ulipo.

Kwa watu wengi rangi hubaki sehemu zilezile: upande wa ndani wa magego ya chini yanayogusana na ulimi, upande wa shavuni wa gego la mwisho la juu, nyuma ya meno ya mbele ya chini, na katikati ya kila jino na jirani yake. Ukiona pia upande mmoja umebaki mwekundu kuliko mwingine, kawaida ni upande wa mkono unaoshika mswaki. Rudia kipimo baada ya wiki mbili. Ulimi utabaki mwekundu kwa saa kadhaa, hauna madhara.

Hatua ya 2: mswaki

Nunua mswaki wa nywele laini wenye kichwa kidogo, urefu wa sentimita 2 hadi 2.5. Mswaki mgumu hautoi utando zaidi. Unakwangua shingo ya jino na kuisukuma fizi chini, na mzizi ukishakuwa wazi unaoza upesi kwa sababu hauna enameli. Badilisha kila baada ya miezi 3, au mapema nywele zikianza kulala. Zikilala ndani ya wiki tatu, unakandamiza mno.

Dawa ya meno chagua yenye floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Namba hiyo huandikwa kwenye boksi au mgongoni mwa tyubu. Floraidi hulisaidia jino kunyakua tena madini na kulifanya ligumu mbele ya asidi. Dawa isiyo na floraidi, hata ikiwa na mwarobaini, karafuu na picha ya jani kubwa, inakuacha na harufu nzuri na mengine machache.

1. Weka dawa kiasi cha punje ya njegere. Usiuloweshe mswaki sana. Povu jingi hukufanya udhani umemaliza.

2. Ulaze mswaki ili nusu ya nywele ziwe juu ya jino na nusu zielekee kwenye ukingo wa fizi, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Hapo kwenye ukingo ndipo penye kazi. Sehemu inayong'aa unapocheka hujisafisha nusu yenyewe.

3. Tikisa mswaki mahali pamoja kwa mwendo mdogo wa kwenda na kurudi, kama mara 10, bila kukandamiza. Kisha fagia kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Sogea meno mawili mawili.

4. Anza na upande wa ndani wa magego ya chini. Karibu kila mtu huanza na meno ya mbele kwa nje, na akifika ndani ameshachoka. Geuza mpangilio.

5. Ukifika gego la mwisho la juu kwa nje, usipanue kinywa. Kifumbe nusu, shavu lilegee, mswaki utaingia. Ukipanua, mfupa wa taya unasogea mbele na kuziba njia.

6. Nyuma ya meno ya mbele, juu na chini, simamisha mswaki wima, tumia ncha yake. Ugaga huanza upesi zaidi nyuma ya yale ya chini kwa sababu tezi za mate zinamwaga hapo.

7. Malizia kwa sehemu za kutafunia, kisha ulimi: vuta kutoka nyuma kuja mbele mara 4 au 5. Harufu mbaya ya kinywa, ikiwa meno ni mazima, mara nyingi hutoka nyuma ya ulimi.

8. Tema. Usisuuze kwa maji. Ukisuuza unamwaga floraidi uliyolipia. Kama ladha inakushinda, nywa funda moja dogo baada ya dakika 10.

Yote hayo ni dakika 2 kamili. Tumia saa ya simu mara chache za mwanzo, kwani dakika 2 za mtu mwenye haraka huwa sekunde 40. Fanya mara mbili kwa siku. Kama ipo mara moja isiyosameheka, ni ya usiku: ukilala mate hupungua sana, na utando ulioachwa na sukari yake unabaki bila mpinzani mpaka alfajiri.

Mwezi wa Ramadhani ratiba inahama bila kuvunjika. Piga mswaki usiku baada ya kumaliza kula, na tena baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri. Daku ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofuatiwa na saa nyingi za kinywa kikavu.

Baada ya kitu chenye asidi, kama soda, juisi ya ukwaju, limau au kutapika, subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana enameli huwa imelainika. Suuza kwa maji tu kwanza.

Kama unatumia mswaki wa mti

Mti wa mswaki, Salvadora persica, unafanya kazi ya kweli: nyuzi zake huvunja utando na utomvu wake hupunguza baadhi ya bakteria. Chagua kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho na urefu wa sentimita 15 hivi. Menya gome kwa sentimita 1 kwenye ncha, tafuna mpaka nyuzi zitengane, sugua kwa mwendo wa kutoka kwenye fizi kwenda chini au juu ya jino, si kwa msumeno wa kulia na kushoto. Kila siku kata nyuzi zilizotumika utafune ncha mpya.

Upungufu wake ni mbili. Haufiki kirahisi upande wa ndani wa magego, kwa hiyo pinda ncha kidogo au malizia kwa mswaki wa nailoni. Pia haukupi floraidi ya kutosha, basi usiku paka dawa ya meno kwa kidole au mswaki kisha teme.

Hatua ya 3: katikati ya meno

Mswaki hauingii pale meno mawili yanapogusana, na ndiyo maana mashimo mengi ya watu wazima huanzia hapo, hayaonekani, hadi siku kipande cha jino kinapokatika ukitafuna karanga.

Kata uzi wa meno kama sentimita 40. Zungushia mwingi kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na kidogo kwenye kingine, bakiza sentimita 3 katikati. Upitishe kwa kuukereza taratibu. Ukiusukuma kwa nguvu utakata fizi. Ukishaingia, uukumbatishe kwenye jino moja, shuka nao kidogo chini ya ukingo wa fizi, panda na ushuke mara 4 au 5, kisha fanya vivyo hivyo kwa jino la pili kabla ya kuutoa. Kosa la kawaida ni kuuingiza na kuutoa tu: hiyo inatoa nyama, haitoi utando. Uzi wa cherehani hukatika na kubaki ndani.

Kwenye mianya mikubwa vibrashi vidogo vya katikati ya meno ni bora kuliko uzi. Kijiti cha kuchokonolea hakina ubaya kwa kutoa nyama iliyonasa, ila ukikizoesha kuchimba sehemu moja kila baada ya mlo, fizi ya hapo hushuka. Nyama ikinasa kila siku mahali palepale, pana shimo au jino limesogea, nenda ukaonyeshe.

Mara moja kwa siku inatosha, usiku, kabla ya mswaki.

Hatua ya 4: hesabu mara, kisha gramu

Chukua siku ya kawaida. Chai ya maziwa saa moja asubuhi, vijiko vitatu vya sukari. Saa nne, chai nyingine na maandazi. Mchana soda. Alasiri ubuyu wa rangi unaomung'unywa kidogo kidogo. Jioni kahawa na kashata. Usiku chai tena. Hayo ni mashambulizi sita, na ubuyu peke yake unaweza kuchukua saa mbili, kwa kuwa ni sukari na uchachu vinavyokaa mdomoni. Soda inayonywewa funda moja kila dakika kumi ni hivyo hivyo: chupa moja, asidi ya alasiri nzima.

Kwamba idadi ya mara na kunata kwa sukari vina uzito kuliko kiasi, lilionekana wazi katika utafiti wa Vipeholm nchini Sweden, ulioanza mwaka 1945. Waliopewa sukari pamoja na mlo walipata mashimo machache tu ya ziada; waliopewa peremende za kunata kati ya milo, meno yaliwaharibika vibaya. Waliofanyiwa hayo walikuwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili waliowekwa taasisini, ambao hawakuombwa ridhaa. Tunautumia ujuzi huo kila siku. Ni haki kujua umetoka kwa nani.

Kwa vitendo: usizidishe mara nne kwa siku, milo ikiwemo. Kitu kitamu ukile pamoja na mlo, na ukimaliza unywe maji. Ukinywa soda, inywe uimalize. Kati ya milo, chai au maziwa bila sukari, karanga, tango, nazi mbichi. Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea bila kugombana nao. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

Asali, tende na miwa havisamehewi kwa kuwa ni vya asili, bakteria hawaulizi. Dawa za kikohozi za maji na pipi za kifua ni sukari pia. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chupa nyingi za soda zina gramu 30 au zaidi.

Watafunaji wa mirungi wana mzigo wao: saa nyingi za kinywa kikavu, huku ubani wa sukari na soda vikitumika kukata uchungu. Ubani usio na sukari na maji ya kawaida hupunguza madhara hayo kwa meno. Baadhi ya dawa za presha, za mzio na za sonona pia hukausha mate. Mwambie daktari, usiziache mwenyewe.

Watoto

Anza siku jino la kwanza linapotokeza, karibu na miezi 6: kitambaa safi au mswaki mdogo, dawa ya floraidi kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3, punje ya njegere. Msafishie mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8, maana mkono wake bado haujui kona. Simama nyuma yake, kichwa kiegemee tumboni pako.

Chupa ya uji mtamu, juisi au chai ya maziwa isimsindikize mtoto kulala. Kinachotokea ni kuoza kwa meno manne ya mbele ya juu, kuanzia kwenye fizi, kabla hajafika miaka 3. Bakteria wenyewe mtoto huwapata kwa mate ya wanaomlea, kwa kijiko kinachoonjwa au chakula kilichotafuniwa. Mama mwenye mashimo yasiyozibwa anamlinda mwanawe kwa kuyaziba ya kwake.

Angalizo ambalo wazazi wengi hawalipati: karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Linadhaniwa ni la utoto, linaachwa lioze, na halina mrithi. Likiwa linachomoza huwa fupi kuliko jirani zake, hivyo mswaki unalipita juu. Uingize kwa ubavu, kutoka shavuni. Daktari anaweza kuziba mifereji yake ya juu kabla haijatoboka, kazi ya dakika chache isiyo na sindano.

Na kuhusu "meno ya plastiki" au "ya nailoni", ambayo katika baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki hukatwa kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara: kinachotolewa ni chipukizi cha chonge lake. Homa ina sababu nyingine inayoendelea bila tiba, na chombo kichafu kinaongeza maambukizi juu yake.

Yanayokwama

*Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki.* Hapa ndipo wengi huacha kusafisha sehemu hiyo, na ndipo ugonjwa unaposhinda. Damu inasema utando upo. Endelea polepole, kila siku, na uzi pia. Damu ipungue ndani ya siku 7 hadi 10. Ikifika wiki mbili bado ipo, kuna ugaga chini ya ufizi, ukakwanguliwe kliniki. Pima pia sukari ya damu, kwa kuwa kisukari kisichodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa wa fizi hufanya kisukari kiwe kigumu kudhibiti. Mvutaji sigara asifurahie kutotoka damu: tumbaku hupunguza damu ya fizi huku mfupa ukiendelea kuliwa kimyakimya.

*Nina mimba, fizi zimevimba.* Homoni hufanya fizi ziitikie utando kwa ukali zaidi. Safisha vilevile. Ukitapika, suuza kwa kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya kuokea katika glasi ya maji, usipige mswaki papo hapo. Kusafishwa na kuzibwa jino ukiwa mjamzito kunaruhusiwa.

*Mkaa, chumvi kavu, limau.* Mkaa na chumvi hukwaruza, limau huyeyusha. Weupe unaouona wiki ya kwanza umelipiwa kwa enameli. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi hutuliza kidonda, basi.

*Dawa ya kusukutua ya klorheksidini.* Ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, isizidi wiki mbili bila ushauri. Iache mbali na dawa ya meno kwa nusu saa, vinginevyo povu huizima. Ukinywa chai nyingi itakuachia madoa ya kahawia.

*Meno ya kahawia tangu utotoni.* Kwa watu wa Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji mengi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, madoa hayo yaliingia jino likiwa bado linajengwa mfupani. Si bakteria, hayatoki kwa kusugua. Jino hilo linaweza kuoza kama jingine, kwa hiyo usafi ni uleule. Dawa ya meno inayotemwa haiongezi madoa kwa mtu mzima.

Kazi inapohamia kwa daktari

Doa jeupe lisilong'aa karibu na fizi ni kuoza kunakoanza, na bado kunarudi nyuma kwa floraidi na kupunguza mara za sukari. Shimo linalonasa chakula linahitaji kuzibwa. Ganzi kali ya maji baridi inayoisha papo hapo inaonyesha kiini cha jino, sehemu laini ya ndani yenye mshipa na damu, bado kina uhai. Maumivu yanayodumu dakika kadhaa baada ya chai ya moto, au yanayokuamsha usiku, yanaonyesha kiini kinakufa. Hapo ni kutibiwa mzizi au kung'oa. Na maumivu yaliyokatika yenyewe baada ya siku za mateso hayajapona. Mshipa umekufa, bakteria wanashuka kwenye mfupa, na jipu linafuata.

Kwenda duka la dawa kununua amoksilini au metronidazo kwa ajili ya jino linalouma ni pesa iliyopotea. Kiini kilichokufa hakina damu inayopita, hivyo dawa haifiki walipo bakteria. Uvimbe hupungua siku chache, chanzo kinabaki, na wanaosalia wanazidi kuwa sugu. Antibaotiki hutolewa pale maambukizi yanaposambaa, na hata hapo pamoja na kufungua jino au kulitoa. Wanaofukiza kinywa kwa mbegu na kuonyesha "wadudu" kwenye bakuli wanaonyesha viini vya mbegu vilivyopasuka kwa joto.

Ukisubiri miadi, mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofen miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula hufanya kazi vizuri zaidi kwa jino, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba ndani ya shimo hutia ganzi, lisiguse fizi. Aspirini haiwekwi juu ya ufizi, inauunguza.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, ukiona uvimbe unaopanda kuelekea jicho au unaoshuka chini ya taya na shingoni, kinywa kisichofunguka vidole viwili, ugumu wa kumeza au kupumua, au homa pamoja na uvimbe. Maambukizi ya chini ya ulimi yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Kwa mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6 aliyedhoofu kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua au malaria, angalia kidonda cha ufizi chenye harufu kali, uvimbe wa shavu na ngozi inayobadilika kuwa nyeusi. Hiyo inaweza kuwa noma, ugonjwa unaotokana na bakteria wa kinywani wakati kinga imeanguka, uliowekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwezi Desemba 2023. Hula shavu na taya kwa siku chache. Ikigunduliwa mapema, antibaotiki, usafi wa kidonda na chakula huisimamisha. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usisahau kueleza aliugua nini wiki zilizopita na amekuwa akila nini.